Aliyeshika Mstari: Uchambuzi wa Kisa cha Admirali John Byng

Alasiri ya tarehe 20 Mei 1756, baharini karibu na kisiwa cha Minorca katika Mediterania, Nahodha Arthur Gardiner wa jeshi la wanamaji la Uingereza alimsihi mkubwa wake waisogeze manowari yao, Ramillies, ikawakabili Wafaransa kwa karibu. Mkubwa wake, Admirali John Byng, alikataa. Alimwonyesha bendera ya kupanga mstari, ambayo bado ilikuwa ikipepea mlingotini. Akamwonyesha na manowari mbili, Princess Louisa na Trident, ambazo Ramillies ilikuwa imezipita ilhali zilitakiwa kuwa mbele yake. Kisha akasema maneno ambayo mashahidi walikuja kuyarudia mahakamani: kwamba yeye, kamanda wa msafara mzima, hawezi kuteremka vitani kana kwamba anakwenda kupigana na meli moja, na kwamba lililomponza Bwana Mathews ni kutoteremka na nguvu zake zote kwa pamoja, jambo ambalo yeye angejitahidi kuliepuka.

Miezi kumi haikutimia, Byng akapigwa risasi na askari wa jeshi lake mwenyewe.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema alikuwa mwoga, na wapo wanaosema alikuwa bangusilo tu, mtu aliyebebeshwa makosa ya wakubwa. Ya kwanza si kweli, na mahakama iliyomhukumu ilisema hivyo waziwazi. Ya pili ina ukweli mwingi, lakini inamwondolea Byng kosa lake la kweli na kutuacha bila kuelewa kwa nini mtu mwenye uzoefu wa miaka 38 baharini alitenda vile. Mimi naona ufunguo uko katika jina alilolitaja mwenyewe pale sitahani: Mathews.

Mtoto wa Torrington

Byng alibatizwa Oktoba 1704 huko Southill, Bedfordshire. Baba yake, George Byng, alikuwa miongoni mwa mabaharia wakubwa wa Uingereza wa kizazi chake, na baadaye akapewa cheo cha ukabaila cha Viscount Torrington. Machi 1718, akiwa na miaka 13, John alipanda manowari iitwayo Superb iliyoongozwa na mjomba wake, Streynsham Master. Agosti mwaka huohuo alikuwepo baba yake alipoivunja nguvu ya wanamaji wa Hispania kwenye vita vya Cape Passaro, karibu na Sisilia. Ni mwanzo gani huo kwa mtoto: vita vya kwanza maishani mwake, na aliyeshinda ni baba yake.

Baada ya hapo alipanda vyeo bila kutoka jasho jingi. Alikuwa nahodha kamili mwaka 1727, akiwa na miaka 22, mwaka uleule baba yake alipokabidhiwa uongozi wa ofisi kuu ya jeshi la wanamaji. Alikuwa gavana wa Newfoundland mwaka 1742, akapata uadmirali mwaka 1745, na kuanzia 1751 alikuwa mbunge wa Rochester. Mwaka 1754 alijijengea jumba kubwa la Wrotham Park, kaskazini mwa London. Alikuwa mtu wa kazi, anayejua taratibu, mkali katika mambo ya nidhamu. Lakini tangu yale ya Cape Passaro aliyoyaona utotoni, hakuwahi kuongoza vita vikubwa vya msafara kwa msafara. Mtihani wake wa kwanza wa aina hiyo ulikuwa Minorca, akiwa na miaka 51.

Alichojifunza kwenye kiti cha mwamuzi

Katika zama za matanga manowari ilibeba mizinga yake ubavuni. Ndiyo maana misafara ilipigana kwa mstari, meli moja nyuma ya nyingine, ili kila moja imwelekezee adui ubavu na ilindwe na jirani zake. Kuvunja mstari kulikuwa hatari. Kuushika kupita kiasi nako kulimaanisha kwamba hakuna atakayemfikia adui karibu kiasi cha kumshinda.

Februari 1744, karibu na Toulon, Admirali Thomas Mathews alipambana na msafara wa Wafaransa na Wahispania kwa pamoja. Mstari wake ulikuwa haujajipanga vizuri. Akaona adui anaponyoka, akauacha na kuwashambulia Wahispania, huku bendera ya mstari ikiwa bado juu. Makamu wake Richard Lestock, aliyeongoza kikosi cha nyuma na aliyekuwa na ugomvi naye wa siku nyingi, alibaki mbali. Utetezi wake ulikuwa mfupi: bendera ilimwamuru ashike mstari, naye aliushika.

Zikafuata kesi ndefu za kijeshi. Lestock, ambaye hakupigana, aliachiwa huru. Mathews, ambaye alipigana, alifukuzwa jeshini. Miongoni mwa maofisa walioketi mezani kama waamuzi alikuwa John Byng.

Hebu jiweke mahali pake. Umeketi siku baada ya siku ukisikiliza ushahidi wa bendera, pembe za upepo na umbali kati ya meli. Mwishoni umetia saini uamuzi unaosema, kwa vitendo, kwamba aliyeacha mstari ili ampige adui ndiye mkosaji. Je, siku yako ikifika utafanya nini? Byng alifanya kile alichojifunza. Hakuwa na sababu ya kuamini kwamba safari hii jeshi litamdai kinyume chake.

Nyongeza moja inayoniuma kila nikiifikiria: kwenye vita vilevile vya Toulon, nahodha mmoja aliitoa meli yake, Berwick, nje ya mstari, akaiteka manowari ya Kihispania iitwayo Poder. Jina lake lilikuwa Edward Hawke. Tutakutana naye tena.

Sheria iliyofungwa kila upande

Kashfa ya Toulon iliwaudhi watu wengi Uingereza. Walilalamika kwamba wakubwa wenye jamaa bungeni wanaponyoka na wadogo ndio wanaolipa. Walikuwa na mfano mkononi. Mwaka 1745 manowari iitwayo Anglesea ilitekwa na Wafaransa. Nahodha wake aliuawa mapema katika pambano, na luteni kijana, Baker Phillips, akabaki na meli iliyokwisha kuharibika. Akasalimisha bendera. Mahakama ilimhukumu kifo, ikamwombea huruma, huruma haikupatikana, naye akapigwa risasi.

Mwaka 1749 Bunge liliipitia upya sheria ya kijeshi ya wanamaji. Kifungu cha 12 kilisema kwamba mtu yeyote ambaye, kwa woga, uzembe au kukosa utii wa moyo, atabaki nyuma wakati wa vita au hatafanya kila awezalo kuikamata au kuiangamiza meli ya adui inayompasa kupigana nayo, atauawa. Hapo awali mahakama ilikuwa na nafasi ya kupunguza adhabu kulingana na uzito wa kosa. Sheria mpya iliiondoa nafasi hiyo. Ilikuwa kifo au kuachiwa huru, na katikati hapakuwa na kitu.

Naelewa walichotaka waliotunga sheria hiyo. Walitaka mtoto wa Viscount ahukumiwe sawa na Baker Phillips. Lakini badala ya kumwinua mdogo, walimfunga mikono mwamuzi. Na ajabu ni kwamba sheria iliyotungwa ili wakubwa wasijifiche, miaka minane baadaye ikawa pazia la wakubwa kujifichia.

Safari iliyoanza kwa hasara

Minorca ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1708. Bandari yake, Mahon, ilikuwa bora kuliko nyingi katika Mediterania ya magharibi, na kutoka hapo waliweza kuichungulia Toulon, makao ya wanamaji wa Ufaransa upande huo. Katika majira ya baridi ya 1755 na 1756 habari zilifika London kwamba Toulon kunatayarishwa msafara mkubwa. Serikali ya Duke wa Newcastle, pamoja na Lord Anson aliyekuwa mkuu wa ofisi ya wanamaji, waliogopa zaidi uvamizi wa Uingereza yenyewe, wakabakiza meli nyumbani. Mtu waliyemtuma alipoondoka, ilikuwa Aprili.

Byng alipewa manowari 10, nyingi zikiwa zimechakaa, na mabaharia hawakutosha. Hakuruhusiwa kuchukua watu kutoka meli nyingine zilizokuwa bandarini. Akaamriwa kuwashusha askari wa baharini na kuwapakia askari wa nchi kavu wa kikosi cha Fusiliers, wakaiongeze nguvu ngome ya Minorca. Jambo hili ni dogo kwa maandishi, kubwa kwa matokeo. Askari wa baharini walikuwa sehemu ya nguvu ya kupigana ya meli. Ukiwashusha Fusiliers kwenye ngome, meli zako zinabaki pungufu. Ukiwabakiza ili upigane baharini, ngome haipati msaada. Alikwishawekwa kwenye njia panda kabla hajang'oa nanga.

Tarehe 18 Aprili Wafaransa takriban 15,000 chini ya Duke wa Richelieu walitua Ciutadella, upande wa pili wa kisiwa, kabla hata vita havijatangazwa rasmi. Walinzi wa ngome ya St Philip, wasiofika 3,000, waliongozwa na Jenerali William Blakeney, mzee aliyepita miaka 80. Maofisa wengi wa vikosi vyake walikuwa likizoni Uingereza, na baadhi yao walikuwa abiria ndani ya meli za Byng.

Byng aliipata habari hiyo Gibraltar, alikofika tarehe 2 Mei. Alikuwa na maagizo ya kuchukua batalioni moja hapo. Gavana, Jenerali Fowke, aliitisha kikao cha maofisa wake, nao wakasema kuitoa batalioni kutaidhoofisha Gibraltar bila kuiokoa Minorca. Akapewa kikosi kidogo tu. Byng hakubishana. Tarehe 4 Mei aliandika barua London iliyojaa mashaka: meli mbovu, karakana ya Gibraltar haifai, na haoni jinsi askari watakavyotua.

Hapo ndipo naanza kumlaumu. Mambo mengi aliyoyaandika yalikuwa kweli. Ila kamanda anayeandika barua kama ile kabla hajamwona adui amekwisha kuwaandalia watesi wake hati ya mashtaka. Inasimuliwa kwamba Mfalme George wa Pili alipoisoma aliitupa chini, akasema mtu huyu hatapigana.

Saa chache za tarehe 20

Pamoja na meli chache alizozikuta Gibraltar, Byng aliifikia Minorca tarehe 19 Mei akiwa na manowari 13 za mstari. Bendera ya Uingereza bado ilipepea juu ya St Philip. Alitanguliza frigeti (manowari ndogo) chache zikiwa na barua ya kumpelekea Blakeney, lakini kabla hazijafika pwani, msafara wa Wafaransa ulitokeza: manowari 12 chini ya La Galissonière. Frigeti zikaitwa zirudi.

Siku ya pili upepo ulimpendelea Byng. Alikuwa upande wa joshi, kama wasemavyo mabaharia wa mwambao wetu, yaani upande upepo utokako, na Wafaransa wako demani, upande upepo uendako. Aliye joshini ndiye anayeamua lini na vipi ateremke. Byng alikusudia kuteremka kwa mshazari, kila meli imwendee mpinzani wake, mstari wote ufike kwa pamoja. Ulikuwa mpango wenye akili, ila kitabu cha bendera hakikuwa na ishara ya kuueleza. Defiance, iliyotangulia, ikaendelea sambamba na adui badala ya kumgeukia. Byng akapandisha bendera ya kugeuka kidogo, kisha tena kidogo. Mwishowe akapandisha ishara ya kushambulia.

Kikosi cha mbele, chini ya Admirali Temple West, kikageuka na kuteremka omo, yaani pua za meli, zikimtazama adui, hali ambayo meli haiwezi kutumia mizinga yake ya ubavuni huku ikimiminiwa risasi. Nahodha wa Defiance aliuawa. Intrepid, iliyokuwa mwisho wa kikosi hicho, ilipoteza sehemu ya juu ya mlingoti wake wa mbele, ikashindwa kuongozwa. Meli zilizoifuata zikalazimika kusimama au kuipisha, zikasongamana. Nyuma ya msongamano huo ilikuwa Ramillies, yenye mizinga 90, ikiwa na admirali anayekumbuka kesi ya Mathews.

Ilikuwa dakika ya kuamua. Angeweza kushusha bendera ya mstari na kuwaachia manahodha wake kila mmoja aupite msongamano kwa njia yake. Angeweza kumwendea adui mwenyewe na kuwaacha wengine wamfuate. Alichagua kusimama, kupanga upya mstari, na ndipo yale mazungumzo na Nahodha Gardiner yakafanyika. Mstari ulipokuwa tayari, La Galissonière alikuwa amekwisha kuziumiza meli za West na kujiondoa kwa meli zake zenye kasi zaidi. Wafaransa hawakutaka ushindi wa baharini. Walichotaka ni kumzuia Byng asiifikie ngome, basi.

Waingereza waliouawa walikuwa zaidi ya 40, wengi wao katika kikosi cha West. Hakuna upande uliopoteza hata meli moja. Kama mambo yangeishia hapo, vita vya Minorca vingekuwa mojawapo ya mapambano mengi ya karne ile yasiyo na mshindi, na jina la Byng lingejulikana kwa wataalamu peke yao.

Siku nne

Hayakuishia hapo, na kwa maoni yangu hukumu ya haki juu ya Byng haitoki kwenye mapigano ya tarehe 20. Inatoka kwenye siku nne zilizofuata.

Tarehe 24 Mei aliwaita maofisa wa bahari na wa nchi kavu ndani ya Ramillies akawauliza maswali matano, miongoni mwake haya. Je, kuna uwezekano wa kuiokoa Minorca kwa kuwashambulia Wafaransa? Hapana. Kama hakuna Wafaransa baharini, je, msafara peke yake ungeweza kuuvunja mzingiro? Hapana. Je, Gibraltar itakuwa hatarini msafara huu ukipata ajali? Ndiyo. Basi warudi Gibraltar? Wote walikubali.

Tazama jinsi maswali yenyewe yalivyoundwa. Kila moja linaelekeza kwenye jibu linalotakiwa. Hakuna aliyeulizwa kama inawezekana kubaki mbele ya kisiwa, kuwabughudhi Wafaransa, kukata njia ya chakula na baruti ya Richelieu, au kusubiri nyongeza ya meli. Hakuna aliyeulizwa kama inawezekana kuwatua usiku maofisa wa ngome waliokuwa melini. Mzee Blakeney na watu wake, walioyaona matanga ya Kiingereza kwa mbali, waliyaona yakipotea. Walishikilia ngome hadi mwisho wa Juni. Yaani kwa zaidi ya mwezi mzima baada ya Byng kuondoka, bado kulikuwa na kitu cha kuokoa. Na alipofika Gibraltar tarehe 19 Juni alizikuta manowari tano za nyongeza zikimsubiri.

Hilo ndilo kosa lake. Ni kosa la uamuzi, kosa zito, la mtu aliyekwisha kukata tamaa kabla hajaondoka Gibraltar mara ya kwanza na aliyetafuta kikao cha kumuunga mkono. Admirali wa namna hiyo anastahili kunyang'anywa msafara, na pengine asipewe mwingine. Kifo ni jambo jingine.

Habari zinazotangulia mwenyewe

Taarifa ya La Galissonière ilifika London kabla ya ile ya Byng. Serikali ikachukua hatua kwa maneno ya adui: Hawke, yuleyule wa Berwick, akatumwa haraka kushika nafasi ya Byng. Barua ya Byng mwenyewe ilipofika ilichapishwa katika gazeti la serikali tarehe 26 Juni, lakini imepunguzwa. Mistari iliyoeleza hali ya meli zake na nia ya kuilinda Gibraltar iliondolewa. Umma ulisoma barua ya mtu anayekimbia bila sababu.

Nchi ikawaka. Sanamu za Byng zilichomwa moto mijini. Duke wa Newcastle anasimuliwa kuwajibu wajumbe wa jiji la London kwamba Byng atashtakiwa mara moja, atanyongwa mara moja. Hayo yalisemwa kabla ya shahidi hata mmoja kuapishwa. Byng alirudishwa nyumbani chini ya ulinzi mwezi Julai. Ndugu yake Edward, aliyekuwa mgonjwa, alisafiri kwenda kumwona Portsmouth akafariki siku iliyofuata. Mfungwa akapelekwa Greenwich, akawekwa katika chumba cha juu chenye nondo madirishani ndani ya hospitali ya mabaharia wazee.

Hasira ile haikuwaokoa mawaziri moja kwa moja. Serikali ya Newcastle ilianguka Novemba, William Pitt akaingia madarakani. Lakini kesi ilikwisha kuanza safari yake, na hakuna aliyetaka kuonekana akiisimamisha.

Maneno matatu

Mahakama ilikaa ndani ya manowari ya St George, bandarini Portsmouth, kuanzia mwisho wa Desemba 1756. Mwenyekiti alikuwa Admirali Thomas Smith, na waamuzi walikuwa 13. Walisikiliza kwa mwezi mmoja, na kwa kadiri ninavyoweza kuona walisikiliza kwa uaminifu. Tarehe 27 Januari 1757 walitoa uamuzi: Byng hakufanya kila awezalo kuisaidia ngome wala kuziangamiza meli za adui. Woga hawakuuona kwake. Kukosa utii wa moyo pia hawakukuona.

Sasa rudi kwenye Kifungu cha 12. Kinataja mambo matatu: woga, uzembe, kukosa utii wa moyo. Mahakama iliyafuta mawili kwa maandishi. Lililobaki ni uzembe, nalo halikutajwa popote katika uamuzi. Je, mtu aweza kuuawa kwa kutofanya kila awezalo, bila kusemwa kwamba hakufanya kwa sababu ya lipi kati ya hayo matatu? Au “kutofanya kila awezalo” ni kosa linalojitegemea, hata kama chanzo chake ni kukosea kufikiri?

Waamuzi waliisoma sheria kwa namna ya pili, na ilipowafikisha waliogopa. Waliandika kwamba kifungu hakiwaachii nafasi ya kupunguza adhabu hata kosa likiwa limetokana na uamuzi mbaya tu. Kwa ajili ya dhamiri zao wenyewe, na kwa haki ya mfungwa, wakamwombea huruma kwa sauti moja. Majaji 12 wa Uingereza walipoulizwa walisema hukumu ni halali. Katika wakuu wa ofisi ya wanamaji, Admirali John Forbes peke yake alikataa kutia saini amri ya kifo, akaandika sababu zake: mtu aliyeondolewa tuhuma ya woga, na ambaye hajasemwa kuwa mzembe, hawezi kufia chini ya kifungu hicho. Nimeisoma hoja yake mara nyingi na sijaona jibu lake.

Mmoja wa waamuzi, Nahodha Augustus Keppel, hakuweza kulala na saini yake. Mwezi Februari alilieleza Bunge, ambamo yeye mwenyewe alikuwa mjumbe, kwamba yeye na baadhi ya wenzake wanataka kufunguliwa kiapo cha siri ili waseme kilichojiri. Kifo kiliahirishwa kwa wiki mbili. Bunge la chini lilipitisha muswada kwa kura nyingi. Bunge la Malodi likawaita waamuzi mmojammoja, likawabana kwa maswali yaliyowauliza kama wanajua jambo lolote linaloifanya hukumu kuwa batili. Wengi walijibu hapana. Walichokuwa nacho moyoni kilikuwa uzito wa dhamiri, na swali halikuacha mahali pa kuuweka. Muswada ukatupwa.

Pitt alimwendea mfalme akamwambia wabunge wanaelekea kwenye huruma. Mfalme alimjibu kwamba ni Pitt mwenyewe aliyemfundisha kuitafuta nia ya watu wake kwingine, si bungeni. Hata Richelieu, aliyeiteka Minorca, aliandika barua ya kumtetea Byng, naye mwandishi Mfaransa Voltaire akaituma Uingereza. Haikusaidia. Barua ya kusifiwa na adui ni zawadi mbaya kwa mtu anayedaiwa kumkwepa adui.

Saa sita mchana

Tarehe 14 Machi 1757, ndani ya manowari ya Monarch iliyotekwa kwa Wafaransa miaka kumi nyuma, Byng alitoka chumbani kwake akatembea hadi sitahani. Alitaka kufa macho wazi. Marafiki walimsihi afunge kitambaa kwa sababu askari wangeyumba wakimtazama usoni, akakubali kwa ajili yao. Alimkabidhi ofisa karatasi yenye maneno yake ya mwisho, akisema anajua hana hatia na kwamba hakuna sehemu ya masaibu ya nchi yake inayotokana naye. Akapiga magoti juu ya mto, akashika leso. Alipoiachia, askari sita walifyatua.

Sentensi ile ya mwisho siikubali yote. Sehemu ya masaibu ya St Philip ilitokana naye. Ila aliyepiga magoti pale hakuwa mwoga, na wote waliosimama pale walikiona hicho kwa macho yao.

Bunge lilichunguza kupotea kwa Minorca majira yale ya kuchipua, Byng akiwa tayari kaburini, na mawaziri hawakuadhibiwa. Kufikia Julai Newcastle na Anson walikuwa wamerudi serikalini. Blakeney alipewa ulodi. Minorca yenyewe ilirudishwa kwa Waingereza mezani, katika mkataba wa Paris wa 1763.

Wapo waandishi wanaosema kifo cha Byng kiliwafanya maofisa wa Kiingereza kuwa wakali, na huwa wanamtaja Hawke, aliyewafuata Wafaransa ndani ya ghuba ya Quiberon katikati ya dhoruba ya Novemba 1759. Hoja hii naikataa. Hawke alitoka nje ya mstari mwaka 1744, alivunja msafara wa Wafaransa karibu na Cape Finisterre mwaka 1747. Miaka hiyo yote Byng alikuwa hai na mwenye heshima. Hawke hakuhitaji maiti ya mwenzake ili awe Hawke.

Byng alizikwa Southill, pamoja na baba yake. Jamaa zake waliandika kwenye jiwe kwamba alikufa shahidi wa mateso ya kisiasa, kwa fedheha ya kudumu ya haki ya umma. Mwaka 2007, miaka 250 baada ya risasi zile, wazao wa ukoo waliomba asamehewe rasmi. Wizara ya Ulinzi ilikataa.

Keppel naye akawa admirali. Julai 1778 alipambana na Wafaransa karibu na kisiwa cha Ushant, vita vikaisha bila mshindi, na makamu wake akamshtaki kwa kutofanya kila awezalo. Kesi ikafanyika Portsmouth, chini ya kifungu kilekile alichokitia saini dhidi ya Byng. Februari 1779 aliachiwa huru. Mwaka huohuo Bunge liliifungua sheria ya 1749, na baada ya neno la kifo likaongeza maneno machache: au adhabu nyingine yoyote ambayo mahakama itaona inastahili.